Nyambane Alivyonikaidi Uwanjani

Jumamosi usiku

Jirani Ombati amekuwa akisema mjukuu wangu Nyambane ni nguvu tupu, mpira wa kulipwa utamshinda. Nguvu hiyo aliipata kwa kubeba chai akipanda kilima cha Manga, kama mimi.

Leo, katika mechi yake ya kwanza ya kulipwa, akicheza beki, alirukia kila mpira akapitwa. Ombati akacheka: "Mzee, huyo ni fahali!" Nikaogopa klabu itamrudisha nyumbani.

Kipindi cha pili mshambuliaji wao akaja peke yake. Nikapiga kelele, "Mrukie!" Nyambane akasimama, akangoja, akauchukua mpira taratibu kama anachuma chai.

Jioni akaniambia, "Sokoro, babu yangu, nilikusikia. Nilikataa."

Kunikaidi mimi, mbele ya watu! Sasa najua atafika mbali. Nguvu ni ya chai. Ukaidi ni wangu.