Barua ya Jicho Aliyonisomea Mdogo Wangu

Endasak, Alhamisi jioni.

Upepo wa mlimani umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye maziwa. Naandika kwa jicho la kushoto. Herufi za simu nimezikuza mpaka mstari mmoja unabeba maneno matatu tu.

Jicho la kulia limekwisha. Nimeambiwa jana.

Mwanzoni mwa mwaka huu niliona mlango wa nyumba yangu umepinda. Nikaita fundi. Akapima, akaniambia, "Mwalimu, mlango umenyooka." Nikafunga jicho moja, kisha la pili. Kumbe la kulia ndilo lilikuwa linapinda vitu. Baadaye likaanza kuweka doa jeusi katikati ya kila uso.

Mwezi wa pili madaktari wa macho walikuja Katesh. Nilikwenda na mdogo wangu Paskalina, anayeuza kwenye duka la dawa palepale mjini. Walinitia dawa ya kupanua mboni, nikawa siwezi kusoma kitu. Walipotoa barua, Paskalina akaisoma.

"Wamesema ni mtoto wa jicho, dada. Tusubiri akomae ndipo wamtoe."

Nilimwamini. Mama alifariki Paskalina akiwa bado hajaota meno, nikamlea mimi. Hata kusoma nilimfundisha mimi.

Nikasubiri miezi minane, nikiendelea kutia matone aliyoniletea tangu mwanzo.

Jana nikamwambia nimechoka kusubiri, anisindikize hospitali. Daktari, binti mpole, alinichunguza kwa muda mrefu, akapiga picha. Akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea tunachokiona. Kwa sababu ya umri, chini ya utando wangu iliota mishipa ya damu isiyotakiwa kuwepo, dhaifu, inayovuja. Damu na maji vikauinua utando kutoka mahali pake. Sasa pamebaki kovu.

"Hakuna mtoto wa jicho hapa, mama," akasema. Kisha akatazama tena kumbukumbu za madaktari wale waliokuja Katesh. "Lakini mbona mwezi wa pili uliandikiwa rufaa ya haraka? Ulitakiwa uanze sindano. Huenda tungeokoa kiasi."

Nikamgeukia Paskalina. Hata kwa ukungu wa dawa niliona anatazama sakafu.

Tulipotoka nje nilimuuliza swali moja tu: kwa nini?

"Waliandika sindano ndani ya jicho, dada. Niliogopa," akasema huku analia. "Halafu kabla hawajaja nilikuwa nimeshawaambia watu dukani ni mtoto wa jicho, na dawa nimeshakupa. Ningeonekana sijui kitu."

Ile ya woga naielewa. Hii nyingine inanichoma kifuani. Alilinda jina lake dukani kwa jicho langu.

Na mimi nina langu la kukiri. Kule Katesh, siku moja tu baada ya barua kusomwa, dawa ya mboni ilikuwa imeshaisha nguvu, na la kushoto lilikuwa zima. Ningeweza kuidai barua niisome mwenyewe. Sikuidai. Habari ya kusubiri ilinifurahisha, kwa kuwa nami nilikuwa naogopa.

Lakini mimi sikujua. Yeye alijua, miezi minane, kila Jumapili tukikaa benchi moja kanisani.

Daktari amenipa karatasi yenye viboksi, niitazame kila asubuhi kwa jicho lililobaki. Siku mistari ikianza kupinda, niende bila kuchelewa. Barua zote nimekabidhiwa mwenyewe mkononi, na hakuna atakayenishikia tena.

Jioni hii Paskalina amekuja na uji wa moto. Amesimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, dada."

Nimeinamia simu.

Amerudia, kwa sauti ndogo zaidi. Nimetazama pembeni. Akaweka uji chini, akaondoka, na mimi nikabaki nasikiliza ndala zake mpaka zikapotea njiani.

Marahaba ilikuwa imefika mdomoni. Nimeimeza mwenyewe.

Nitamwitikia lini?