Mkamwana na Mashine ya Mbele

Jumatatu, 3 Mei 2004
Mvua tangu asubuhi. Nimeosha vyombo, nimemenya ndizi, kisha nikakaa kwenye kompyuta ya stoo. Programu imekataa tena. Nataka mteja akianza tu, mashine yake ipeleke taarifa kwa mashine ya mbele, dakika zihesabiwe huko. Sasa hivi Baba anatumia saa ya mkononi na kila siku ni ugomvi. Baba mkwe, namaanisha. Kafe hii ya intaneti ni yake, aliifungua kwa kiinua mgongo baada ya chama cha ushirika kufa. Kwenye mashine ya mbele anakaa yeye, kwa hiyo mimi sifiki huko. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Hapa Tukuyu wengi wameacha. Yeye hajaacha.

Alhamisi, 6 Mei
Nasoma kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu; ni kopi aliyoniachia mume wangu Lusajo alipokwenda Dar. Kurasa nyingine hazisomeki. Mashine moja inakaa inasikiliza, nyingine inapiga hodi. Rahisi kusema. Napiga hodi, nakataliwa. Hata kujaribu ni shida. Naiweka programu kwenye disketi, shemeji Gwamaka anaipeleka mbele, anaiwasha, anarudi kuniambia kilichotokea. Anasahau nusu. Leo kacheka tu: "Imegoma, shem." Nilitamani kumpiga.

Jumanne, 11 Mei
Nimepata. Kosa langu mwenyewe. Niliiandikia mashine ya mbele isikilize anwani yake yenyewe tu, ikawa inajisikia yenyewe na kuwafungia wengine nje. Hapa stoo ilikubali kwa sababu nilijaribu pande zote mbili kwenye mashine moja. Mstari mmoja, basi. Nimefuta ile anwani, disketi ikaenda. Mteja kakaa, dakika zikaanza kuhesabika kule mbele. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Ijumaa, 14 Mei
Mama mkwe kaleta habari. Baba amefurahi mno, anawaambia watu wa kanisani kwamba Gwamaka ana kichwa. Sasa anataka kupumzika, kafe anamkabidhi Gwamaka. Mimi niende Nkunga nikaangalie shamba la migomba.
Nilimwomba Mama amwambie ukweli, maana ndiye anayepeleka maneno kati yetu. Anaujua. Kaniona nikihangaika. "Ndaga, mwanangu," kasema, akinipa pole kwa lugha yetu. "Nyamaza tu, nyumba itulie." Gwamaka naye anazipokea sifa. Nawachukia wote wawili. Sitaki Nkunga. Nataka kafe, nimeitolea jasho.

Jumatatu, 17 Mei
Nimeongeza kitu kwenye programu: mashine za kafe, hata hii ya stoo, ziweze kuandikiana. Gwamaka kapeleka disketi bila kuuliza ni nini. Mila inanikataza kuonekana na sauti yangu kusikika. Kuandika haikutaja.

Jumanne, 18 Mei
Nimetuma wakati wa chai: Shikamoo Baba. Programu hii nimeitengeneza mimi, Atupele. Naomba kafe niiendeshe mimi.
Huko mbele kiti kikaburuzwa.
Jibu lilikuja na Mama. Baba amesoma. Ameamini. Ila mkamwana hamwandikii baba mkwe, nisirudie. Na kafe ni ya Gwamaka tu, kwa sababu mkamwana atakaaje mbele, mahali ambapo Baba huja kila siku? Nkunga siendi tena. Nibaki stoo, programu ikiharibika nitengeneze.
Afadhali angesema mimi ni mwongo.

Jumamosi, 22 Mei
Gwamaka kakabidhiwa funguo. Sala, hotuba, kuku. Kuku nimepika mimi. Lusajo kapiga simu, kasema nivumilie. Nimemkatia simu.

Jumatano, 26 Mei
Gwamaka kaenda Mbeya kununua kibodi. Baba kakaa mbele badala yake. Mama yuko Igogwe, anamuuguza dada yake hospitalini, hatarudi leo. Mimi stoo na ungo wa maharage.
Karibu saa nne maandishi yakatokea kwenye kioo cha kompyuta yangu: Mashine ya tatu imekwama, wateja wanangoja. Hakuna salamu, hakuna jina. Ni yeye. Mwingine wa kuandika kutoka kule mbele hayupo.
Shida naijua. Naweza kuirekebisha kutoka hapa hapa nilipokaa, kabla maji ya chai hayajachemka.
Nimemwandikia: Mwambie Mama aniambie.
Nikasikia mteja analalamika, kisha mlango, katoka. Baadaye mlango tena, mwingine katoka. Nimevuta ungo, nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage.