Malka na Gazeti la Kengele

Kulesa, Garsen
9 Januari 1958

Kwa mjukuu wangu Danson,

Kama umefungua barua hii ukitafuta sifa, ifunge. Wewe ni mpumbavu, na waliokupa kalamu ni wapumbavu kama wewe. Hilo nimemaliza, sasa salamu. Hujambo? Mimi mzima, ila magoti. Mama yako anauliza kama baridi ya huko bara bado inakukohoza.

Barua yako imefika. Unasema gazeti lenu la Kengele limetimiza miaka mitatu hapo chuoni, na mnaliandikia historia: mlivyoanza wanafunzi wanne na mashine ya kuazima, mkaingia darasani na vidole vyeusi kwa wino, na hakuna aliyelisoma mpaka ulipoandika habari ya shamba langu. Sasa wataka nikueleze tena, kwa urefu, ng'ombe wa Halake, yule jirani yetu Mworma, walivyokanyaga mahindi yangu, iwe sura nzima.

Basi sikia kilichofuata. Gazeti moja la Mombasa liliinakili habari yako. Bwana shauri wa wilaya akaisoma, akaja na askari, akaziba malka kwa miiba, njia ile ya ng'ombe kushukia mtoni ambayo babu zetu waliwaachia Waorma kabla mimi sijazaliwa. Kiangazi kilichopita Halake alipeleka ng'ombe malka ya chini, mwendo wa siku mbili. Kumi na saba walikufa kwa kiu. Hakuja kunitukana. Mkewe Dahabo aliniletea kibuyu cha maziwa kama kila mwaka, akasema ndicho cha mwisho, akauliza kama mjukuu wangu msomi hana miguu ya kufika kwao naye akawauliza. Nikamrudishia kibuyu kitupu bila hata tusi moja. Mimi!

Swali hilo ni lako. Ulisikiliza mdomo mmoja. Hata wazee wa hapa, unaowaona washamba, hawaamui kesi ya kuku kabla ya kusikia pande mbili.

Na mdomo wenyewe ulikuwa wa uongo. Wakati wa mafuriko mto ulikula shamba langu lote. Ningemwomba shemeji yangu Molu kipande, lakini nilikwisha mwita mvivu mbele ya mkewe. Ningeomba kwa uso gani? Nikapanda mahindi katikati ya malka. Ng'ombe hawakuniingilia, mimi ndiye niliyewaingilia. Ulipokuja likizo na daftari lako, nikafurahi kuwa msomi ananisikiliza, nikatia chumvi. Haya ndiyo yanayonikosesha raha, si magoti.

Mama yako anakusalimu, na Molu pia, ambaye ni mvivu mpaka leo.

Sasa keti uandike haya yote, na jina langu zima, ukurasa uleule wa kwanza, kwa herufi kubwa zilezile. Nakala moja mpelekee bwana shauri kabla kiangazi hakijakaza. Miiba nimeanza kuitoa kwa mikono yangu. Wakija kunikamata, wawe wamekwisha soma kwa nini. Ukimaliza, panda gari uje, na kabla hujaingia kwangu, pita kwa Halake ukamwombe radhi.

Ni mimi bibi yako,
Habona Iha