Nilimnyoa Kishindo, Lawama Kabeba Dereva

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana mimi ni kinyozi, watu wanakuja kwangu kumwaga yao yote, kiti changu kimesikia mengi kuliko hilo gazeti lako, lakini la kwangu mwenyewe sina pa kulipeleka, na waliosema kinyozi hajinyoi hawakukosea hata kidogo.

Kwa miaka ishirini na sita nimemhudumia Kishindo, yule mwanamuziki wa roki ambaye hata wasiopenda magitaa ya umeme wanamjua kwa zile nywele zake za kufika mgongoni, nimeziona zikiwa nyeusi na nimeziona zikiingia mvi, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi anaingia kwa mlango wa nyuma, ananisalimia, anauliza mama watoto hajambo, namwosha, nampunguza ncha, anaondoka. Mimi ni shabiki wake tangu sijaota ndevu, na mke wangu ni shabiki kunishinda mimi, hata siku namposa aliniuliza kwanza kama ni kweli namjua.

Sasa kuna jambo moja lazima nikueleze ndipo utaelewa kwa nini nakosa hamu ya kula. Mwaka wa saba wa kumhudumia niliteleza kwenye vigae vya dukani vilivyolowa, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na plasta ilipotolewa mkono ukawa unatetemeka kama wa mlevi, wateja wakaja wakaona, mmoja mmoja akakumbuka ana haraka, nikabaki napangusa kioo ambacho hakuna wa kujitazama. Kishindo akaja Jumatatu yake, akakaa, nikamwambia mzee leo sikushauri, akasema kata. Nikakata, na mkasi ukaniponyoka upande wa kushoto, juu kabisa ya sikio, nywele za upana wa vidole vinne vizima zikaanguka sakafuni, na Jumamosi ile alikuwa na onyesho la uwanjani. Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akajitazama kwenye kioo, akasema, "Acha hivyo hivyo, usisawazishe." Akapanda jukwaani na kichwa cha upande, mtangazaji akamuuliza hiyo ni nini, akajibu, "Nilimwagiza kinyozi wangu anikate hivi." Wiki iliyofuata vijana walikuwa wamejaa barazani kwangu wanataka wakatwe upande, mpaka leo mkato huo unaitwa kishindo, na mimi mkono wangu ulipona juu ya vichwa vyao, maana hata nikikosea hakuna aliyejua nimekosea. Siri hiyo tulikuwa nayo watatu tu, yeye, mimi na mke wangu.

Basi miezi miwili iliyopita dereva wake alinifuata dukani, akanipeleka nyumbani kwa mzee, nikamkuta amekaa jikoni kwenye kigoda, taulo mabegani, amekonda. Akaniambia wamemkuta na saratani ya damu, matibabu yanaanza kesho yake na nywele zitamtoka, akasema, "Sitaki nizikute kwenye mto. Nataka ziondoke kwa mkono ninaoujua." Nikamnyoa, dereva kashika mfuko wa kutilia nywele. Nilipomaliza akasema, "Ukiacha madaktari, tunaojua ni sisi watatu humu jikoni. Binti yangu ana mitihani yake ya mwisho ya uuguzi, akimaliza nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana. Mpaka siku hiyo, tafadhalini." Nikaapa.

Nikafika nyumbani, mke wangu anakunja nguo, akaniuliza mbona macho mekundu, nikamwambia sabuni, akaniuliza tena, nikamwambia yote. Alilia akashika ukuta. Halafu yeye naye, kwa uchungu tu wala si kwa ubaya, akaandika kwenye kundi lao la mashabiki kwenye simu, "Mwombeeni Kishindo wetu, leo amenyolewa zote." Ugonjwa hakuutaja, lakini watu wana akili zao.

Jumamosi naja kufungua duka nakuta foleni imezunguka kona. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni mashabiki, fundi magari mmoja na ovaroli lake, mlinzi wa benki aliyetoka zamu, dada mmoja mwenye misuko mpaka kiunoni, na mbele yao wote mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, kichwa kinamchuruzika maji kwa kuwa ameshakilowesha kwenye bomba la nje, akaniambia, "Baba, mwenzako akinyolewa zako tia maji. Mimi zangu nimetia. Ninyoe." Nilinyoa tangu asubuhi mpaka jua linazama, mashine ikapata moto nikaipumzisha, nikanyoa kwa mkasi, wakaimba nyimbo zake zote wanazozijua na mbili wanazozikosea, na mimi nilikuwa nalia huku nafagia, kwa jinsi nilivyoona mtu anavyoweza kupendwa na watu wasiowahi hata kushikana naye mkono. Kisha wakaenda kusimama nje ya geti lake, kimya, vipara vitupu. Mzee akatoka, akawatazama, akacheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kuwa na siku kama hiyo jukwaani wala nje ya jukwaa.

Ila picha ilishasambaa. Binti yake aliiona kwenye simu akiwa maktaba, akampigia baba yake, "Baba, kwa nini watu wote wamenyoa?" Ikabidi mzee amwambie kwa simu, keshokutwa yake ana mtihani. Aliufanya, amefaulu, sasa yuko nyumbani anamuuguza, namshukuru Mungu. Lakini mzee ile simu haijamtoka moyoni. Siku nilipokwenda kumjulia hali akaniambia, "Jikoni mlikuwa wewe na dereva tu. Na wewe nakujua." Nikanyamaza. Mshauri, nilinyamaza, nikamwekea maji ya kunywa, nikaaga.

Dereva hajafukuzwa. Miaka kumi na moja amemwendesha, lakini sasa hospitali mzee anapelekwa na binti yake kwa teksi, na dereva kila asubuhi anaosha gari ambalo haliendi popote. Wiki iliyopita alikuja dukani, akakaa, akasema nimnyoe na yeye. Nikamnyoa. Alinitazama kwenye kioo muda wote, mwisho akasema, "Mimi najijua," akaondoka.

Mke wangu anasema ameshaona kosa lake lakini niache, mgonjwa hasumbuliwi, na heri imetoka humo, mashabiki wanachangia damu kwa zamu, mzee mwenyewe kafurahi. Jumatatu ijayo nimeitwa tena, nywele zimeanza kuota viraka viraka anataka zisawazishwe. Nimwambie? Nisubiri apone? Na asipopona? Nimemkosea mtu ambaye nikimkumbuka naanza kwa kusema asante. Nisaidie.

Kinyozi wa barazani

JIBU LA MSHAURI

Ndugu kinyozi, pole, na kaa vizuri kwenye kiti, leo ni zamu yako kukatwa.

Kwanza nikiri jambo. Nikiwa na miaka kumi na minane niliingia nyumbani na kichwa cha upande, mama yangu hakunisemesha wiki nzima, na mimi nikatembea mjini kama malkia. Leo ndiyo najua kuwa nilikuwa nimebeba kosa lako kichwani. Sikudai fidia. Nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa, kwa hiyo nawashukuru, wewe na Kishindo.

Sasa tusidanganyane. Mkeo usimsukumie lawama. Siri hakupewa yeye, ulipewa wewe, ukaapa, ukafika nyumbani ukaifungua kabla hujavua viatu. Ulimi hauna mfupa, tunajua, na uchungu una haki ya kutafuta bega, hilo ningekusamehe mimi, na naamini na yeye atakusamehe. Kwa hilo wewe ni binadamu tu. Lakini ulipoambiwa "na wewe nakujua" ukamimina maji kwenye glasi, hapo ndugu yangu uliteleza vibaya kuliko siku ya vigae.

Na heri iliyotoka usiifanye kinga. Ile foleni haikuwa yako. Ni ya yule mwalimu aliyejilowesha kichwa asubuhi ya baridi, ya fundi, ya mlinzi ambaye hakulala. Hao walimpa mzee upendo bila kumwibia mtu. Heri yao iko palepale hata ukisema kweli, haipungui hata unywele mmoja.

Mkeo anasema mgonjwa hasumbuliwi. Mbona anasumbuka tayari? Anaumwa, na juu ya kuumwa anaamini mtu aliyekaa naye garini miaka kumi na moja amemsaliti. Huo ni ugonjwa wa pili, na dawa yake unayo wewe mfukoni. Wala usimsubiri apone ndipo umwambie. Hilo la kupona tunaliomba sote, hatulipangii tarehe.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, nenda kwa dereva. Usimtume mtu wala usimwandikie. Mwambie, "Ni mimi, na ulijua, na hukunitaja." Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Kisha mwombe Jumatatu akupeleke yeye kwa mzee, kwa gari lile lile analoliosha, ili akiwepo asikie jina lake likisafishwa mbele yake. Binti naye awepo, maana yeye ndiye uliyemkosesha kusikia habari kwa mdomo wa baba yake.

Mwambie mzee kabla hujamfunga kitambaa shingoni. Usimwambie baada ya kunyoa, ukiwa umeshakunja vifaa mguu mmoja uko mlangoni. Anza na ule mkasi ulioponyoka. Mwambie, "Siku ile ulibeba kosa langu mbele ya uwanja mzima, na mimi langu nimemwachia dereva." Ukishasema hivyo nyamaza, usilie kwa kelele mpaka mgonjwa akubembeleze wewe. Akisema ondoka, beba mkoba wako uondoke kwa heshima, na mwezi ujao tuma salamu. Mkeo aandike kwenye lile kundi lake kwamba dereva hakuhusika, sentensi moja inatosha, na asiongeze ya pili, tumeshaona sentensi zake.

Jambo lingine, na hili usilipuuze: tumia mashine, wembe uache nyumbani. Mwenye maradhi ya damu akikatwa kidogo tu ni hatari. Muulize binti, ndiye muuguzi.

Barua yako umeficha jina lako, lakini mzee umemtaja na mkato ule hakuna asiyeujua, kwa hiyo jibu hili nimekutumia wewe kwanza, na ukurasa nimeushikilia mpaka Jumatatu yako ipite. Wasomaji wakilisoma utakuwa umeshakwenda. Kama hukwenda, basi na yeye anasoma sasa hivi, na usinilaumu.

Akikaa kwenye kigoda na kuinamisha kichwa, hilo ndilo jibu lake, usidai lingine. Mnyoe polepole. Mkono ukitetemeka usiuone haya, alishasema anaujua.