Kwa Bibi Mizani, Aliyehesabu Miezi Kumi na Miwili

Mwaka umetimia leo, mke wangu, tangu uniache na cherehani yangu, na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Mtaa mzima ulikuita Bibi Mizani, muuguzi wa kliniki ya watoto, uliyezunguka nyumba kwa nyumba na mizani begani. Mimi, fundi wako, nilishona zile suruali za kuwaning'inizia watoto kwenye mizani. Ulikuwa mkali, weye! Kabla hujaipokea suruali uliijaza kilo kumi na tano za unga, ukaitundika mlangoni, ukaniambia nipite chini yake. "Ukiogopa wewe, mtoto wa mwenzio atapanda vipi?"

Mwanzoni walikufungia milango. Walisema kumpima mtoto ni kumtafutia jicho baya. Hukubishana na mtu. Uliketi kizingitini, ukaomba maji ya kunywa, ukauliza kama yamechemshwa, na mazungumzo yakaanzia hapo. Ukawafundisha habari za chanjo, maziwa ya mama, na maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha.

Wengi hawakujua kwamba kifungua mimba wetu alitutoka akiwa na miezi saba, kwa kuharisha siku mbili tu, wakati sisi wenyewe hatukuyajua maji hayo. Hukuwahi kuwasimulia. Uliniambia hutaki wakuonee huruma, unataka wakusikilize. Na walikusikiliza. Mwaka wako wa mwisho kazini, mtaa wetu haukuzika mtoto mchanga hata mmoja.

Mtoto akifikisha mwaka, ulimchorea nyota kwenye kadi yake. "Huyu amevuka," ulisema. "Wa kwanza ndio mgumu."

Nami mwaka wangu bila wewe nimeuhesabu mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikimimina chai vikombe viwili. Wa nne sikugusa cherehani. Mwanetu hupiga simu kila Jumapili kutoka huko mbali. Namwambia sijambo, naye anajua namdanganya. Suruali zangu zote zimenilegea, nazipunguza kiunoni mwenyewe, fundi mzima.

Mwezi wa tisa, binti aliyeshika nafasi yako alikuja kuomba mizani. Nikamwambia imeharibika. Mungu anisamehe, sikuwa tayari kuuona ule msumari mlangoni, uliotundikia mizani yako, ukiwa mtupu. Akaondoka, akaendelea kupima watoto kwa mizani ya kuazima. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, maana nilijua ungeniambia nini.

Jana nilimpelekea mizani mwenyewe, na suruali sita mpya. Zote nimezijaza unga, na chini ya kila moja nimepita.

Basi nimefikisha mwaka, mke wangu. Ila nyota hakuna wa kunichorea.

Unakumbukwa na mimi mumeo, mwanao na mkewe, wajukuu zako wawili, mdogo wako wa kike, na wote waliokua na nyota yako kwenye kadi zao.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.