Minara Mitatu, Goti Moja

Jumatatu, 3 Juni

Tumefika. Saa sita ndani ya basi. Dada yangu mdogo amelala njia nzima, ila kila palipouzwa chakula aliamka. Sijui pua yake ina kengele!

Niandike masharti, nisije nikayapindisha mwenyewe. Binti yangu anataka kitanda changu kishushwe kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Eti mtu aliyewekewa goti la chuma hana kazi ghorofani. Nimechonga ngazi za watu miaka arobaini – leo nilale chini na masufuria? Basi tumekubaliana: miji mitatu, minara mitatu ya zamani. Nikiipanda yote hadi juu bila kushikana mkono na mtu, kitanda kinabaki juu na hataniuliza tena. Mkono mmoja tu, kinashuka.

Shahidi ni dada. Yeye hapandi. Kubadilisha balbu tu anamwita jirani, maana juu ya kiti anasikia kizunguzungu. Yeye amekuja kula.

Jumanne, 4 Juni

Mnara wa saa. Vidato tisini na sita – nimevimaliza!

Ngazi ni ya mbao na haina msumari hata mmoja. Kila kidato kimechomekwa kwenye ubao wa pembeni kikakazwa kwa kabari, na hadi leo hakilii. Niliinama kuchungulia chini yake. Mlinzi akadhani naanguka, akaja mbio na mkono mbele. Nikamfokea asiniguse. Maskini ya Mungu, alishtuka! Nilipomweleza masharti alicheka sana, akasema mama yake naye ni kichwa ngumu hivyo hivyo.

Juu nimeuona mji wote: mapaa ya vigae vyekundu, kamba za nguo, mtaa wa mafundi viatu uliopinda kwa sababu zamani ulifuata mfereji. Chini kabisa, kilemba cha njano cha dada. Nikapunga mkono. Akainua mkate.

Mchana supu ya samaki, ndimu nyingi, mkate wa moto. Mimi bakuli mbili. Shahidi tatu.

Jumatano, 5 Juni

Goti limevimba. Dada ameleta barafu kutoka jikoni mwa hoteli, akaiweka mezani, akatoka. Anasema hajaona kitu. Binti alipopiga simu nimemwambia niko fiti kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Mji wa pili, ngome ya mawe. Vidato mia moja arobaini na nane. Nimepanda!! Nilipumzika mara nne, lakini kupumzika hakumo kwenye masharti.

Sasa lile jambo. Kidato cha juu kabisa kimevizidi vingine kimo. Mtalii aliye mbele yangu alijikwaa, nusura aangukie uso. Mwongozaji akafurahi, akatusimulia kwamba wajenzi walikusudia: adui akipanda gizani ajikwae, kelele ziwaamshe walinzi. Watu wote wakasema lo, akili hiyo.

Mimi nikatoa futi yangu ya kupimia. Kidato kimezidi kwa upana wa vidole viwili. Nikapima bamba la jiwe lililotandikwa sakafuni pale juu. Unene wake – vidole viwili! Hakuna cha adui wala nini. Fundi aligawanya vidato vyake kabla sakafu ya juu haijatandikwa, akasahau kuihesabu. Nimecheka peke yangu hadi mwongozaji akaniuliza kama nahitaji maji.

Nacheka kwa sababu nalijua kosa hilo. Ni langu. Nyumbani kwangu nilipima hadi zege tupu la ghorofani, kisha nikatandika mbao. Kidato cha mwisho kikazidi. Watu wanalipia ngazi zangu, na niliyojijengea mwenyewe ina kasoro! Niliona aibu kuibomoa. Miaka ishirini na tisa miguu ilizoea, hadi siku ile simu ilipolia juu nikapanda kwa haraka, nikajikwaa pale, nikaanguka na goti likavunjika. Wote nimewaambia ni ndala iliteleza. Daktari pia.

Lakini fundi mkubwa aliyejenga ngome naye alikosea, na watu wanalipa kiingilio kuja kuona! Leo nimekula nyama ya kuchoma kama kijana.

Ijumaa, 7 Juni

Binti amepiga tena. Nikaanza kujisifu, minara miwili tayari, aanze kuzoea. Akanikatiza, akasema, "Baba, mimi ndiye niliyekuwa chini siku ile. Wewe ulianguka tu. Mimi nilikusikia ukianguka."

Nimemwambia chakula kimeletwa. Hakikuwa kimeletwa.

Jumapili, 9 Juni

Mnara wa taa za meli. Vidato mia mbili thelathini na moja, vinazunguka kama ganda la konokono. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kidirisha cha kidato cha mia moja na hamsini, kwa penseli ya kazini. Sina haraka.

Siko peke yangu. Dada amepanda! Asubuhi alisukuma sahani yake pembeni – nusu ya yai bado ipo – akasema amechoka kuwa shahidi wa mambo asiyoyaona. Amepanda nyuma yangu, uso ukutani, akihesabu kwa sauti. Hapa miguu imemgomea. Haendi juu, haendi chini. Anatoka jasho.

Ili kumsahaulisha nikamweleza kosa langu lote: mbao, vidole viwili, ndala ya uongo. Nilidhani atashangaa. Akasema, "Kaka, sote tunajua. Mimi nikifika pale huinua mguu zaidi. Hata marehemu mkeo alitufundisha: cha mwisho, inua."

Miaka ishirini na tisa! Nyumba nzima wanainua mguu kunihifadhia jina, na mimi najiona fundi mjanja. Sijui nicheke au nilie. Nimefanya yote mawili. Nikirudi nang'oa ngazi yote na kugawanya upya, na nitampigia binti nimwambie kwa nini.

Upepo unaingia, unanukia chumvi. Kutoka juu nasikia watu wanasema wanaona mbali sana. Goti linauma na liko imara. Vimebaki themanini na kimoja, naviweza. Naviweza kabisa!

Dada amenyoosha mkono. Hatazami chini. "Nishike, Kaka, nimalize."

Nimemkumbusha masharti. Amesema shahidi ni yeye.

Binti ataamua nani alimshika nani. Naweka penseli sikioni – mkono huu nauhitaji.