Nilichagua Kufuta Diski Nzima

Nyumbani, mezani pa jikoni,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepoa, na kazi ya kuandika programu haikukalishi tena hadi miguu ife ganzi. Mama hajambo. Mimi nimo, mzima wa kuchechemea. Usishangae mwandiko huu uliopinda: naandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uko kwenye plasta.

Uliniuliza nimechagua mfumo gani wa kompyuta, nibaki na Windows au nihamie Linux. Nimehamia Linux. Na kwa kuandikia msimbo nimechukua ile programu nyepesi uliyonisifia, isiyo na madoido. Asubuhi ile niliyoijaribu, nilipokosea ilinionyesha mstari wenyewe bila kunicheka. Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nakudanganya.

Ulinielekeza vizuri: kwanza ninakili nakshi za Kaka kwenye flashi, kisha niigawe diski ili mifumo yote miwili ikae bega kwa bega. Unajua Kaka ni mdarizi, na beji zote za shule anazodarizi huzichora kwenye laptopu hiyo hiyo tunayotumia wote. Skrini iliponiuliza nigawe au nifute diski nzima, nilisoma mara mbili. Nilielewa. Nikafuta. Wenzangu wa klabu ya kompyuta husema anayebakiza mfumo wa zamani ni mwoga, nami nimechoka kuitwa mwoga. Flashi ya Kaka niliiona imechomekwa kwenye mashine yake ya kudarizi, nikajiambia nakshi zote zimo. Sikuifungua. Zilikuwamo mbili tu.

Kaka alirudi mchana, kitambaa cha mteja begani. Akawasha laptopu.

"We Kobe, nakshi zangu ziko wapi?"

Nilimnyooshea kidole flashi yake.

"Miaka minne, Kobe! Wanasema kobe akiinama anatunga sheria. Kumbe wewe ulikuwa unanichimbia kaburi!"

Aliukandamiza mkono wangu mezani, akaupiga kwa rula yake ya chuma. Pigo la tatu nilisikia mfupa ukikatika kama kijiti kikavu. Mama alipiga ukelele. Baba akaingia, akanyakua kigoda na kumpiga nacho Kaka hadi sikio likapasuka, damu ikaruka ukutani.

"Muulize alichofanya!" Kaka alilia. "Baba, muulize!"

Baba akanigeukia. "Amekupigia nini?"

Nikasema, "Sijui."

Neno hilo moja tu. Baba alimburuta Kaka hadi nje, akarudi akaibeba mashine ya kudarizi na kuibwaga ngazini. Ilishuka ngazi za ghorofa nzima ikivunjika. Leo siku ya kumi na saba Kaka analala kwenye karakana ya seremala, na Baba ameapa akikanyaga hapa atamvunja miguu.

Simtetei, Mjomba. Hadi leo mlango ukigongwa naruka. Lakini Baba anaamini amezaa mwendawazimu anayepiga watu bila sababu, na mimi ndiye niliyemwaminisha.

Nilitaka kukuomba umpigie Baba simu unisemee. Nimebadili nia, maana huo ndio woga wenyewe. Nitamsomea barua hii kabla sijaifunga. Wewe nisaidie jambo moja: kuna programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa? Tangu siku ile sijaiwasha laptopu, nisije nikaandika data mpya juu ya mabaki ya mafaili hayo.

Msalimie mkazamjomba na wale mapacha, uwaambie wasigombanie kompyuta. Mama anakusalimu sana. Mungu akulindie mikono, ndiyo riziki yako.

Mimi mpwa wako nikupendaye kwa moyo wote,
Kobe.

Nyongeza: Nimemsomea. Baba amenizaba kofi lililonibwaga ukutani, kisha akakaa sakafuni, kichwa mikononi. Halafu akavaa viatu na kwenda kwa seremala. Sasa nasikia hatua za watu wawili ngazini. Naenda kufungua mlango.